Ukuta wa Nazari

Kwa miaka ishirini na mbili Othmar alikuwa fundi mwashi wa misheni pale Lituhi, na hakuna aliyemfikia, mpaka mwaka wa hamsini na sita meli iliposhusha yale masanduku. Ndani yake mlikuwa na matofali ya kioo. Kioo kweli, kinene kama kitabu cha misale, na katikati kitupu. Na Padre, bila hata kumtazama Othmar usoni, akamkabidhi Nazari kazi.

Nazari! Kijana aliyekula kwake, aliyefundishwa na yeye mwenyewe kushika mwiko, akaenda Lindi miaka miwili, akarudi na suruali ndefu na maneno mengi. Tusifichane, Othmar aliona wivu. Kila safu iliyopanda kwenye ukuta ule, yeye ilimpanda kichwani.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa chumba cha kujifungulia, upande wa ziwani, ambako jua la alasiri hupiga bila huruma. Zamani palikuwa na dirisha. Likifunguliwa, chumba kinakuwa tanuri na wapita njia wanasikia kila kilio, likifungwa, giza.

"Mwanga utapita, lakini mtu hataonekana," Nazari aliwaeleza watu. "Na hewa iliyofungwa mle ndani ya tofali inazuia joto, inazuia na kelele."

"Eti hewa izuie joto!" Othmar alimwambia mkewe Gertrude nyumbani. "Watawachoma wanawake mle kama mihogo."

"Mwanao naye atazalia humo humo," Gertrude akajibu. "Acha kuapiza."

Hapo ndipo palipokuwa na roho ya Othmar. Luisa, binti yao wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mumewe Frederick yuko kwenye mkonge Tanga, na wakwe zake wamekwisha fariki. Katika ukoo wa Othmar, kilio cha kwanza cha mtoto ni wito. Mwanamume wa kwanza kuitika "Naam!" ndiye mwenye jina, na mtoto akiwa wa kiume huitwa jina hilo. Othmar hakujaliwa mtoto wa kiume. Mjukuu huyu ndiye aliyebaki wa kulibeba jina lake.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Luisa akashikwa na uchungu. Gertrude akaingia naye, Othmar akaketi barazani mbele ya mlango. Vizuri kabisa. Laiti angekaa hapo! Lakini Nazari akatokea na ndoo yake, amekuja kumalizia lipu ya kizingiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Othmar akaitikia kwa pua.

Mara Sista Hildegardi, mkunga wa misheni, akachungulia. "Nazari, Mungu akubariki! Humu kumepoa, na mwanga tele!" Akarudi ndani.

Damu ikamchemka Othmar. Kumepoa? Uongo mtupu! Akainuka, akazunguka nyuma ya jengo, akabandika kiganja kwenye kioo. Lo! Kinaunguza.

"Si nilisema!" akacheka peke yake.

Alikuwa amegusa upande wa juani, mtu mzima na akili zake, na bado akaridhika. Akapiga magoti kutafuta ufa, tofali moja baada ya jingine, safu kwa safu, apate cha kumpelekea Padre. Ndani aliona weupe tu, na vivuli vikienda na kurudi. Hakusikia hata neno moja. Wala hakujiuliza kwa nini.

Alipomaliza safu ya mwisho, hakuna ufa hata mmoja. Akarudi barazani kutangaza kwamba kioo kinaunguza, akamkuta Nazari amesimama, mwiko mkononi, hajui aangalie wapi.

"Mzee, nisamehe. Mtoto alilia, nikageuka, hupo. Nikakuita, kimya. Akalia tena. Nikaona huruma mtoto akose wa kumwitika." Akautia mwiko ndooni. "Nikasema naam."

Othmar akampita. Akausukuma mlango. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri, na Luisa amelala kwenye mwanga ule mweupe, mtoto wa kiume kifuani.

"Tumempata Nazari wetu," Gertrude akasema taratibu, macho chini.

"Nilikusikia ukikohoa barazani, baba, nikapata nguvu," Luisa akasema. "Halafu sikukusikia tena. Ulikwenda wapi?"

Othmar akavua kofia.

"Nilikuwa nyuma ya ukuta, mwanangu," akasema. "Nilikuwa natafuta ufa."