Lami ya Mubashara

Asubuhi ya mashindano, Dominika aliifunga kamera kwenye dashibodi ya Starlet ya kaka yake Sirili, akaikaza kwa mpira wa baiskeli, kisha akawasha simu ili watu waanze kutazama mubashara. Sirili alikuwa fundi wa magari Moshi mjini. Mbio za ridhaa ndizo zilizokuwa ulevi wake, kama pombe ya mbege kwa wengine. Dominika ndiye aliyemsomea ramani. Safari hii njia ilipita kijijini kwao Kyaronga, juu ya barabara ya Tarakea.

Walipoiacha barabara kuu, gari likaanza kurukaruka na kugonga tumbo kwenye mawe. Dominika akatupia simu jicho. Mle mlikuwa na lami nyeusi, mistari myeupe, taa pembeni, na kule mtoni, daraja la zege.

"Inaonyesha lami," akasema.

"Lami ipi?"

"Ile tuliyoahidiwa. Kata kushoto, kuna shimo."

Mtoni gari lilizimika, maji yakaingia hadi vitini. Kwenye simu lilikuwa limesimama katikati ya daraja. Watazamaji wakaandika: "Barabara yote hiyo mnatambaa?" Mwingine akashauri dada apewe usukani. Walishika mkia.

Wiki iliyofuata Bwana Filbert, ofisa wa barabara, alifika gereji kuwapongeza.

"Shikamoo," Dominika alimwamkia. "Lakini ile barabara haipo."

"Marahaba, mwanangu. Ipo. Imetazamwa na watu wengi kuliko barabara yoyote ya huku kwetu." Akawasihi wasiibadilishe kamera.

Masika yalipokolea, binamu yao Lukresia alishikwa na uchungu. Dominika alikuwa kijijini siku hiyo, akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Dereva aliwahi kutazama yale mashindano, kwa hiyo alikuja kwa mwendo wa lami, akaingia mtoni palepale penye daraja. Alitokea dirishani, mzima, akaomba radhi, na kueleza kwamba pale pana daraja.

Wakamlaza Lukresia kwenye blanketi lililofungwa miti miwili, wakashuka naye katikati ya migomba. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa ukingoni, mvua ikinyesha, Dominika akiwa amewatandazia kanga juu kama paa. Alikuwa wa kike, akalia vizuri. Mama yake ndiye aliyevuja damu hadi midomo ikawa kama majivu. Alifika hospitali mabegani mwa watu, akapona, ila daktari alimwambia huyo ndiye wa kwanza na wa mwisho. Bwana Filbert alituma salamu kwa mtoto wa kwanza kuzaliwa kando ya daraja jipya.

Dominika alizisoma salamu zile akiwa anakoroga mtori wa mzazi. Alipomaliza kumlisha Lukresia alizunguka kihamba kwa kihamba, migombani mwa kila ukoo, akiita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuitengeneza barabara.

Jumamosi wakaja na majembe, sululu na makarai. Sirili akabeba mawe kwa Starlet. Dominika aliwasha kamera mwenyewe, dunia ione watu wanavyofukia wenyewe mashimo yao. Kwenye simu, watu walewale walikuwa wakiibomoa lami mpya kwa sululu na kuimwagia kifusi. Maoni yakafurika. "Hawa ndio maadui wa maendeleo," aliandika mtu, na wengi wakampenda.

Polisi walifika kabla ya saa sita. Gari lao lilididimia topeni chini ya kanisa, wakamalizia kwa miguu. Baada ya kuwaamkia wazee, mkubwa wao akatamka kosa: kuharibu barabara ya umma.

"Barabara ipi, afande?" Sirili akauliza.

Afande alitazama buti zake, zilizokuwa zimevaa tope hadi magotini. Kisha akatazama simu mkononi mwa Dominika.

"Hiyo," akasema, akiinyooshea simu kidole.

Tatizo likabaki namna ya kuwafikisha watuhumiwa kituoni. Dominika akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaenda nyuma ya gari la polisi na watuhumiwa wenzake. Wakalisukuma kwa wimbo hadi likachomoka. Kisha wakapanda kwa kufuata umri, wazee kwanza.