Filamu Aliyoisikia Mama

Baba alipofariki mwezi wa Machi, watu walituachia sukari, majani chai na nasaha. Sukari iliisha upesi. Mama yangu, Dinah, alizivumilia nasaha zote, na wageni walipotawanyika akaniambia kitu kimoja alichokitaka.

"Fridah, nitafutie ile filamu. Nataka kumsikia baba yako."

Nilidhani anasema tu, kama tusemavyo tukitaka kumkumbuka mtu. Filamu yenyewe niliijua. Zamani Baba, Thadeus, alikuwa na ukumbi wa video hapa Maungu, banda la mabati karibu na wanapoegesha malori. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, akitafsiri kila neno kwa Kiswahili na kuwagombeza majambazi kama watoto wake. Wenye kumbi wenzake walionyesha filamu za karate. Yeye, kila Jumapili baada ya kanisa, aliweka kanda ya filamu ya Kimarekani isiyo na rangi, iliyotengenezwa vita vikuu vilipoisha: wanaume wenye kofia, mvua isiyokatika, na mwanamke ambaye usingemwamini hata ukimkuta anasali. Madereva waliikariri. Kanda ilishaingia kuvu, tukaitupa.

Mama hakuwahi kuiona. Alikaa mlangoni akikata tiketi na kukaanga mihogo, akipata kile tu kilichopenya mabati, yaani sauti ya Baba.

Rafiki yangu Katunge, anayefanya kazi Uingereza, alinihakikishia kwamba filamu ipo, tena imesafishwa na kutolewa upya, na kijitabu ndani. Diski ya kwanza aliyotuma ilikuwa ya aina mpya, mashine yetu ikaikataa. Nilimwambia Katunge maneno ambayo hakustahili. Akatuma DVD ya kawaida.

Tukakaa kuitazama Jumapili mchana. Mama hakuvua hata kitambaa chake cha kanisani. Kwenye televisheni ya Baba picha ile ilikuwa kama uji uliomwagika. Sasa niliona vivuli vya pazia vikimkata mwanamume mhusika mkuu usoni, moshi wa sigara ukipanda polepole, na machozi yakimlengalenga mwanamke kabla hajasema uongo. Ni filamu nzuri sana. Niliona uchungu kwamba sikuwahi kumwambia Baba hivyo.

"Mbona wanaongea Kizungu?" Mama akauliza.

"Ndivyo ilivyo, Mama."

"Baba yako anaingia wapi?"

Ndipo nikaelewa. Mama alikuwa amezoea hizi diski za wajukuu, ambazo sauti ya DJ anayetafsiri imo humo humo, akaamini ya Baba nayo imo.

"Mama, Baba hakurekodiwa. Alikuwa anaongea palepale, filamu ikiisha imeisha."

Nikanyoosha mkono nizime.

"Wacha iendelee," Mama akasema.

Mwishoni yule mwanamke aliyemtoroka mwanamume anarudi. Anasimama mlangoni pake, amelowa, anagonga. Mwanamume anamtazama kupitia kioo, halafu anazima taa. Mwanamke anaondoka peke yake kwenye mvua.

"Amemwambia nini?" Mama akauliza.

"Hajasema kitu. Amezima taa."

"Hapana. Hapo anafungua. Anamwambia, ingia, mlango ni wako, sitakuuliza ulikokuwa."

Nikarudisha nyuma, tukaangalia tena. Midomo ya mwanamume haikufunguka.

Mama akashika shavu. Nilipokuwa darasa la tatu alifunga nguo zake akarudi kwao Mwanda, akakaa huko karibu mwaka mzima. Sababu sikuambiwa. Alirudi Disemba na mkoba wake, na wiki iliyofuata akawa mlangoni pa ukumbi na mihogo yake. Baba hakumlaumu wala hakumkaribisha. Alimpa nauli ya soko akaenda kazini, na neno juu ya jambo lile sikulisikia nyumbani kwetu mpaka tulipomzika.

"Nilijua hajanisamehe," Mama akasema. "Nikasema ipo siku atatamka, hata akiwa mgonjwa kitandani. Hakutamka."

"Mama."

"Kumbe alikuwa ananiambia kila Jumapili, Fridah. Mbele ya madereva wote. Na mimi nageuza mihogo, nasema, huyo mzungu ana roho nzuri."

Akalia. Sijawahi kumwona akilia hivyo, hata kaburini hakulia hivyo. Nikamshika, nami nikalia, nikimkasirikia Baba kwa kuweza kumwambia kila mtu isipokuwa mkewe.

Alipotulia akaomba nimrudishie pale pa mlango. Nikarudisha. Mwanamke akagonga, mwanamume akaja kwenye kioo. Mama akainama karibu kabisa na televisheni.

"Nimeingia, Baba Fridah," akasema.

Yule mwanamume akamtazama, kisha akazima taa.