Mkwe Amekuja na Kopa

Kompresa ya friji ilikataa kupasuka. Paulina aliipiga nyundo, akaigeuza, akaipiga tena kwenye maungio, tindo ikateleza na kumkwaruza kidole. Aliitukana kimoyomoyo. Siku nyingine angeifungua kama nazi, huku anaongea na mtu na kuchungulia sufuria ya maharage. Leo mikono ilikuwa uani kwake Mikumi na akili ilikuwa Kilosa, na chuma kina tabia ya kumjua mtu ambaye hayupo.

"Mama Anitha, hiyo imekukosea nini?" aliuliza Kasaine.

Kasaine alikuwa mlinzi wa gesti moja ya barabara kuu, kijana wa Kimasai aliyezoea kupita hapo kila alipotoka zamu. Asubuhi hiyo alikuwa amekalia debe akisubiri bangili zake. Maana kazi ya Paulina ndiyo hiyo: hununua vifaa vilivyokufa kwenye magesti na majumbani, mafeni, mafriji, pasi, majagi ya umeme, akavipasua, akatoa nyaya za shaba, ambayo wauza vyuma huiita kopa, akaziyeyusha kwenye jiko la udongo alilolijenga mwenyewe nyuma ya choo. Shaba nyingine huimimina vipande vya kuuza Morogoro, nyingine huifua bangili za wafugaji. Mumewe alipofariki na yeye kushika tindo, watu walicheka. Siku hizi wanamletea pasi zilizoungua na kumwita fundi.

"Imenikosea ugumu," alijibu, akaipiga teke, akaenda kupuliza moto, akarudi, akasahau alichorudia.

Simu ya Anitha, binti yake wa pekee, haikupatikana tangu mvua ile kubwa. Waliotoka Kilosa walisema mto umeacha njia yake. Wengine wakasema ni upande wa pili, kwa akina Anitha hakuna neno. Kilosa na mafuriko wanajuana siku nyingi, na kila masika husemwa hayohayo. Lakini kila masika Anitha hupiga simu kusema mama tulia, tuko salama. Safari hii hajapiga.

Utasema, si angekwenda? Kwanza mabasi yalikuwa hayapiti, kalavati limeondoka na maji. Na hata yangepita, kwao mama haendi kwa mkwe bila kuitwa. Hali chakula chake, hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, wala jina lake halitamki. Mkwe naye akimwona mama mkwe njiani hukata kona, hata kama kona yenyewe inamwingiza kwenye upupu. Paulina hakuianzisha desturi hiyo. Aliikuta, kama alivyoikuta mama yake. Habari za ndani ya ndoa hupelekwa na kuletwa na mjomba, na mjomba mwenyewe, Octavian, alikuwa Ifakara kwenye mpunga, na simu yake huwashwa siku anayotaka kutumiwa vocha. Basi Paulina alibaki hapo anapiga chuma, analala hapatulii, anaamka hapatulii, akikaa anainuka.

Pikipiki iliingia uani bila kupiga honi. Aliyeiendesha alikuwa na tope hadi kifuani, na nyuma alikuwa amefunga gunia limevimba vimbe za ajabu. Alizima injini, akashuka, akamwona Paulina. Papo hapo akageuka kuutazama uzio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Salamu desturi imeiruhusu. Zaidi ya hapo haijaruhusu.

Alikuwa Elia, mume wa Anitha. Paulina alimtambua kwa mgongo, maana miaka yote ya ndoa ile mgongo ndio alioonyeshwa. Mkwe kujileta mwenyewe kwa mama mkwe, bila mshenga, bila kuitwa, si jambo linalotokea siku ya amani. Alitaka kuuliza na ulimi ukakataa, kama vile mama yake mzazi alikuwa ameushika kutoka huko kaburini.

"Kasaine," alisema mwishowe, "muulize mgeni habari za huko atokako."

Kasaine alitazama huku, akatazama kule. Kati ya wawili hao mbuzi angelala akawagusa wote. Mtu mwingine angecheka. Lakini Wamasai nao mama mkwe wanamjua, na Kasaine alijiweka sawa kwenye debe lake kwa heshima zote.

"Mgeni, mama anauliza habari za huko."

"Mwambie mama ni njema."

"Anasema njema."

"Muulize njema za namna gani."

"Njema za namna gani?"

"Mwambie mama nimeleta kopa."

Kasaine hakuona sababu ya kulirudia hilo. Aliinuka, akalifungua gunia, akalivuta hadi mbele ya Paulina na kuumwaga mzigo chini. Ilitoka kompresa ya friji, pasi, jagi la umeme na feni ya kusimama, nguzo yake mbali na kichwa chake mbali. Vyote vilikuwa vimekauka tope la rangi moja.

Paulina alivijua. Alivinunua vikiwa vibovu, kimoja kimoja, akavifufua, akampa Anitha siku ya kuagwa. Wazo la kwanza lililompiga lilikuwa la fedheha: vyombo vya mke vikirudi kwao, ndoa imekufa. Amemrudishia. Moyo ukapanda joto, akamtazama mgongoni mwanaume yule na kumwona hana adabu hata chembe, kuleta talaka kwenye gunia kama viazi.

Halafu mikono yake, ambayo haijui kukaa bure, ikakichukua kichwa cha feni na kuanza kukifungua.

Alitoa wavu, akatoa mapanga, akazungusha bisibisi. Kifuniko cha mota kilipoachia, hazikuonekana nyaya. Lilikuwa tope tupu, limeshindiliwa ndani kama unga kwenye debe la kupimia, na nyaya zimezama humo. Alilibandua kwa ncha ya bisibisi na shaba ikaanza kuonekana, nyekundu na safi, na Paulina akaacha.

Feni ile aliifunga yeye. Siku alipoipeleka kwa bibi harusi aliivuta nguzo hadi kimo cha mwisho na kuikaza skrubu kwa spana mpaka ikagoma kabisa, akasema hapa ndipo itakapokaa, mkipata mtoto asije akatia vidole. Mtoto akapatikana, Consolata. Krismasi alipoletwa Mikumi alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na kichwa chake kiliishia kwenye paja la bibi yake. Mota ilikuwa inakaa usawa wa shingo ya mtu mzima.

Labda ilianguka. Ndiyo, feni huanguka, upepo tu huiangusha. Aliichukua nguzo na kuigeuzageuza akiuombea upande mmoja uwe msafi. Tope lilikuwa limeizunguka pande zote sawasawa, kutoka chini hadi juu. Ilikuwa imesimama maji yalipokuja kuimeza.

Sasa alitamani iwe talaka. Talaka aliijua, angeipokea na kuipikia chai.

"Kasaine, muulize," alianza, akaishia hapo.

Kasaine akasimama na kujifunga shuka vizuri.

"Mama," alisema, "kwetu pia mama mkwe hatazamwi. Lakini ng'ombe akitumbukia kisimani, aliye karibu ndiye anashika mkia. Mimi naenda kuangalia moto." Akaenda nyuma ya choo na kuanza kuvuta mvukuto kwa nguvu, kwa kelele, zaidi ya moto ulivyohitaji.

Paulina alibaki na ule mgongo.

"Mtoto yuko wapi?"

Mabega ya Elia yalishtuka kana kwamba amemwagiwa maji. "Mzima, mama."

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Yuko kwa mama yake. Mgongoni."

Paulina alikaa chini, juu ya kompresa iliyokataa kupasuka. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa na alishukuru kwamba mkwe hatazami. Alijifuta kwa kiganja cha tope.

"Na mama yake?"

"Mzima. Yaani mwili mzima." Elia aliuzungumzia uzio, polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa humo. "Mimi nilikuwa Kidodi, mama, kwenye kukata miwa. Maji yaliingia hakuna mtu wa kumsaidia. Alipanda juu ya bati na mtoto kamfunga mgongoni, wakakaa huko mpaka walipokuja watu wa mtumbwi. Sasa tuko shuleni na wenzetu waliokosa nyumba. Hasemi. Tangu siku hiyo hajasema, na mtoto hajamshusha. Analala ameketi, mtoto mgongoni. Ananyonyesha kwa kumvutia ubavuni tu, kitenge hakifunguliwi. Ukimgusa mtoto anakuuma."

"Anauma?"

Elia aliunyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Juu ya kiwiko palikuwa na alama za meno, zimevia damu. Paulina aliyatambua hata meno, lile la mbele lililopanda mwenzake.

"Amekwambia neno lolote?"

"Mimi hata hanitazami. Na watu wanasema asiyekuwepo na lake halipo." "Wazee wakasema aitwe mama yake. Simu zote zimechukuliwa na maji. Wa kutumwa hakuna, kila mtu anatoa tope kwake. Nikaona nikija mikono mitupu nikaongea kwa kinywa changu nitakuvunjia heshima. Nikasema nibebe kopa. Utaifungua, utajionea."

"Kwa hiyo ulitaka feni ndiyo iniambie."

"Ndiyo, mama."

Paulina alikuwa na nyundo mkononi na kwa kitambo alitaka kumtupia. Nafsi yake ilikuwa imekufa na kufufuka hapo chini ya jua kwa sababu ya adabu za mtu huyu. Halafu akamwona alivyosimama, suruali imekauka na kukakamaa, amebeba mzigo wote ule kwenye njia ile mbovu kwa sababu hakuwa na mtu hata mmoja wa kumtuma, na akamwonea huruma kiasi kwamba hasira ilikosa pa kukaa.

"Kasaine!" aliita. "Shaba iko kwenye chungu."

"Naiona, inaanza kulainika."

"Iache igande. Zima moto."

Mtu wa kazi hiyo anajua maana yake. Shaba ikigandia kwenye chungu kuitoa ni kuvunja chungu. Kasaine alinyanyua mikono tu, kuonyesha kwamba bangili hazimwashi.

Paulina alinawa, akafunga bunda la vitenge vikavu na unga wa uji, akaiendea pikipiki. Elia alikwishakaa, ametazama mbele, shingo imekaza. Paulina alipanda na kuliweka bunda katikati yao kama ukuta, akashikilia chuma cha nyuma kwa mikono miwili. Wakatoka hivyo barabarani. Mikumi ni mji wa malori na umeona mengi, lakini wauza mahindi ya kuchoma waliacha kupepea mkaa wakawasindikiza kwa macho hadi walipokata kona ya kwenda Kilosa.

Njiani kila shimo lilimrusha Paulina kwenye bunda, na kila mara alijirudisha nyuma. Alitaka pikipiki ipae. Alitaka pia isifike, maana hakujua atamwambia nini mtoto wake anayeuma watu.

Kwenye kalavati lililoondoka walikuta watu wamejaa kingo zote mbili. Maji mekundu yalipita kwa kasi, yakiwafika kiunoni vijana waliokuwa wakivusha watu mgongoni na pikipiki kwenye miti. Vijana wanne waliichukua ya Elia. Mwingine, mwenye mabega mapana, alichuchumaa mbele ya Paulina.

"Panda, bibi. Hapa hata tofali linavuka kavu."

Paulina hakupanda. Alimtazama Elia, aliyesimama pembezoni akiyaangalia maji. Asubuhi alivuka hapohapo peke yake na gunia la chuma. Sasa alikuwa ameibana mikono kwapani, na kila maji yalipopiga ukingo alirudi hatua nyuma.

"Asante, mwanangu," alimwambia kijana. "Yupo wa kunivusha." Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Elia."

Alikuwa hajawahi kulitamka. Elia aligeuka uso mzima, akasahau, na kwa mara ya kwanza wakaonana: yeye macho mekundu ya kukosa usingizi, Paulina tope la shavuni. Halafu kila mmoja akatazama chini.

"Chuchumaa," alisema Paulina.

Alichuchumaa. Paulina aliliweka bunda kichwani, akapanda, pamoja na uzito wake wa miaka ya kula ugali na kupiga nyundo. Elia aliyumba, akasimama. Ng'ambo bibi mmoja alijifunika khanga usoni kwa haya, na minong'ono ikakatika pande zote mbili. Maji yalimpanda Elia magotini, mapajani, kiunoni. Paulina alihisi jinsi mwili ule ulivyokuwa ukitetemeka chini yake, na alimshika mabega barabara.

Katikati Elia alisimama.

"Mama."

"Tazama maji."

"Nikifika nimwambie nini?"

Maji yalimpapasa Paulina nyayo, ya baridi, yakapita na kwenda zake.

"Usimwambie kitu," alisema. "Mgeuzie mgongo uchuchumae, kama hivi. Ukae hivyo mpaka achoke. Akichoka atakuwekea mtoto mwenyewe."

Mguu wa Elia ulipapasa chini ya maji ukitafuta jiwe, ukateleza, ukapapasa tena, ukakanyaga.