Mbuzi Watano Ambao Sikuwaandika

Tangu mke wangu afariki, chakula cha jioni nilikuwa nakula kwa kaka. Mimi ni mhudumu wa mifugo. Sikusomea, nilijifunza kwa kumshikia daktari kamba, mpaka alipohamishwa na asiletwe mwingine. Daftari lake nikaendelea nalo.

Mwezi ule mbuzi tisa wa kaka walitupa mimba.

"Usiandike, mdogo wangu," akaniambia tukiwa mezani. "Watafunga zizi, na maziwa yangu hatayagusa mtu."

"Wanne nimeshawaandika."

"Basi hao watano hukuwaona. Au siku hizi umeoa daftari?"

Shemeji alimkata jicho, kisha akajikongoja kurudi kitandani. Wiki ya tatu hiyo, homa inamshika na kumwachia, na viungo vinamuuma kama ajuza. Zahanati walimpima malaria mara mbili, hawakuiona. Ndiye aliyewazalisha wale mbuzi, mikono mitupu, na makondo ya nyuma akayatupa kando ya bwawa wanalochota maji watu wa bondeni.

Ofisi yangu na zahanati zinatenganishwa na ukuta mmoja. Miaka kumi na moja muuguzi anapeleka taarifa yake kwa wakubwa wake Ijumaa, mimi kwa wangu Jumatatu. Hatukuwahi kusomeana. Asubuhi yake nikauzunguka ukuta, daftari kwapani.

"Leo mbuzi wamekuuma wapi, bwana mifugo?"

"Sijaumwa, dada. Naomba tusome pamoja."

Alidhani natania. Nikataja zizi, naye akatafuta wagonjwa wa jirani. Homa zisizo malaria zilikuwa kumi na nne. Kumi na moja zilitoka nyumba zinazonunua maziwa kwa kaka au kuchota bwawani.

Akavua miwani. "Na mimi nawapa vidonge vya maumivu tu."

Kisha akauliza, "Orodha yako imetimia?"

Shemeji hunipakulia mimi kabla ya wanawe. Kaka ndiye mtu pekee anayeniita mdogo wangu. Nikaomba kalamu, nikaongeza wale watano.

Damu ya watu na ya mbuzi ilisafirishwa katika sanduku moja, na majibu yakawa mamoja: ugonjwa uliowatupisha mbuzi mimba ndio uliowapa watu homa. Zizi likafungwa, bwawa likazungushiwa uzio, na watu wakahimizwa kuchemsha maziwa. Shemeji akaanzishiwa dawa ya wiki sita. Juzi nilimwona kwa mbali akianika nguo, mgongo umenyooka. Sikumwita, maana kaka alikuwa amesimama mlangoni.

Siku zizi lilipofungwa aliniambia neno moja tu: "Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikuwa nakipakulia mwenyewe." Hajaongeza jingine mpaka leo.

Siku hizi kila Jumatatu muuguzi huja upande wangu. Tunasomeana robo saa, anacheka kidogo, kisha anawahi watoto wake. Nami hubaki nikipanga karatasi ambazo zimeshapangika.