Lami Juu ya Mpira

Mshonaji alikuwa na mdogo wake mmoja tu, na mara nyingi aliona hata huyo mmoja amezidi. Watu walimwita Bingwa, jina alilojipa mwenyewe baada ya kuona hakuna mwingine wa kumpa. Hapakuwa na kazi asiyoijua, wala hapakuwa na aliyoimaliza. Akitengeneza mlango wa mtu, wenye nyumba walianza kupitia dirishani.

Safari hii alikuwa amepanda juu ya gari-nyumba.

Gari lenyewe liliachwa na baba yao, fundi saa, aliyezunguka nalo mji hadi mji, akilala nyuma na kufungua saa za watu kwenye meza ya mbele. Sasa lilikuwa limeegeshwa nyuma ya karakana ya matairi, halizunguki tena, na mshonaji aliishi humo na cherehani yake. Paa lilikuwa la mpira, shuka moja jeupe lililogandishwa juu ya mbao, na mpira ule ulikuwa umezeeka: ukiupapasa, kiganja kilirudi na unga kama chaki. Lakini uzee si ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa Bingwa na ndoo yake ya lami.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, dada," alisema siku ile akishuka ngazi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. "Lami hii ndiyo niliyopaka bati la kwangu. Haipitishi hata jasho."

"Kwani hili ni bati?"

"Paa ni paa."

"Na kichwa ni kichwa," mshonaji akasema, "ila vingine vina kitu ndani."

Bingwa alicheka. Alikuwa na ngozi ngumu. Matusi yalimteleza kama maji mgongoni mwa bata.

Lami ina mafuta, na mafuta na mpira havikai chungu kimoja. Haikupita muda mpira ukavimba, ukatoa malengelenge kama ngozi iliyoungua, ukaachia kando ya dirisha la paa. Manyunyu ya kwanza yakaipata njia. Yalipita chini ya mpira, yakalowesha mbao, yakadondokea gauni la mteja lililokuwa likingojea vifungo.

Kesho yake akaja wifi yake, mke wa Bingwa, mwenye sauti ya mtu anayetoa sadaka huku akiangalia nani anamwona.

"Wifi, stoo tumeshaitoa magunia. Godoro lipo. Mume wangu amesema gari likivuja tena, linauzwa chuma chakavu, nawe unahamia kwetu." Akaitazama cherehani kama anayetazama mbuzi kitandani. "Ila hilo dude litakaa nje. Kelele zake zinaniumiza kichwa."

"Likae nje wapi?"

"Si kuna ukuta? Tutalifunika."

Mshonaji alimsindikiza mpaka mlangoni na kumwambia kwaheri tu, maana maneno mengine aliyokuwa nayo yasingefaa kutamkwa mbele ya watengeneza matairi. Cherehani nje, yeye stoo. Na aliyelitoboa paa ndiye hakimu wa paa.

Asubuhi akapanda mwenyewe. Alitandika ubao wa kupigia magoti, maana mbao za chini zilikuwa zimelainika, akaanza kubandua lami kwa kikwaruzo cha plastiki. Kisu kingechana. Petroli, aliyoshauriwa na Bingwa kwa simu, ingeula mpira uliobaki.

Chini ya lami alikuta gundi ya mwaka uliopita, kazi ya Bingwa. Chini ya gundi, majani makavu, unyoya na vumbi, vyote vimehifadhiwa vizuri. Bingwa hakuwahi kufagia kabla ya kupaka. Aliuzika uchafu kwa heshima zote.

"Punguani," mshonaji aliuambia unyoya. "Baba angekuona, angekukana."

Alizidi kubandua. Pale kwenye pembe ya dirisha la paa, chini kabisa, kulikuwa na lami nyingine, kuukuu, ngumu kama kwato. Hii haikuwa ya Bingwa. Ilipopakwa hii, Bingwa alikuwa bado anavaa kaptura za shule. Mshonaji akaipasua, na ndani yake kikang'aa kitu chembamba cha shaba.

Kibisibisi cha saa.

Alikijua. Baba yao alikitafuta nyumba nzima, kisha akamnyooshea Bingwa kidole mbele ya wageni, akasema, "Kijana huyu hata ukimpa jua alishike, atalipoteza." Watu wakaangua kicheko, na dada mtu ndiye aliyecheka zaidi. Tangu hapo, kila kilichopotea nyumbani, lawama ilikuwa na mwenyewe.

Mshonaji akakaa juu ya ubao. Kumbe Baba, fundi aliyeweza kusikia saa ikisitasita ndani ya mfuko wa mtu, alipanda juu ya gari lake mwenyewe akapaka lami juu ya mpira, bila kufagia, na chombo chake kikamdondoka mfukoni. Dharau yote aliyokuwa nayo dada kwa Bingwa ilibaki mkononi, haijui pa kwenda. Akakifutafuta kibisibisi, akakitia kwenye mfuko wa aproni, akarudi kazini.

Aliosha paa kwa maji ya sabuni, akaliacha likauke. Sehemu zilizovimba alizikata, akabandika viraka vya mpira mpya, pembe zake amezikata mviringo kama kiraka cha goti, kwa sababu kiraka chenye ncha huanza kubanduka kwenye ncha. Akavikandamiza kwa kuviringisha chupa juu yake, akamalizia kingo zote kwa gundi ya mpira.

Mvua kubwa ikashuka alasiri moja. Nyuma yake akaja Bingwa na gari la kukodi, wifi akabaki mbele karibu na dereva. Bingwa aliingia na magunia matupu ya kuhamishia vitu vya dada yake, akaketi kitandani, akainua uso kungojea tone. Mvua ilipiga ngoma. Tone halikuja. Shingo ikamchoka.

"Unaona lami yangu?" akasema hatimaye. "Mimi kazi hii nilifundishwa na Baba."

"Hilo kweli," mshonaji akasema. "Baba ndiye aliyekufundisha." Akaweka kibisibisi mezani.

Bingwa alikitazama. Kinywa chake, kisichofungwa hata usingizini, kilijifunga. Alikigusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayehofia kukipoteza tena.

"Ulikitoa wapi?"

"Juu. Ndani ya lami ya Baba."

Bingwa akakigeuzageuza kiganjani. Akajifuta macho kwa pindo la gunia. Kisha, kwa kuwa alikuwa Bingwa, akasema, "Nilikwambia, dada. Lami inatunza vitu."

"Vua viatu," mshonaji akamwambia, akiinua kifuniko cha cherehani. "Unanichafulia sakafu. Na mwambie mkeo arudishe magunia stoo."