Sarafu za Perpétue

Dawudi alifariki alfajiri ya Ijumaa, pumu ikiwa imembana kifua mpaka dawa ya kupuliza ikashindwa, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, amelazwa sebuleni nyumbani kwa mama yake, mtaani Kibuli, chini kidogo ya msikiti. Mama yake, Habibah, alikuwa amekaa mkekani chumba cha pili pamoja na wanawake waliokuja kumfariji. Alikuwa na macho makavu. Alisubiri jambo moja tu: mwanawe atoke nyumbani pale hana deni la mtu.

Hilo lilimshughulisha kuliko kilio. Wanubi wa ukoo wake, tangu enzi za babu aliyeletwa Uganda na bunduki ya Mzungu begani, walikuwa na mengi ya kugombania, lakini hili hawakuligombania kamwe. Jeneza halinyanyuliwi mpaka watu waulizwe. Mwenye deni roho yake hubaki inaning'inia, haiendi mbele wala hairudi, mpaka alipiwe. Habibah aliambiwa hivyo akiwa mtoto, akaamini, na hata siku hiyo hakuwa na shaka nalo hata chembe.

Shemeji yake Abubaker, ambaye mtaa mzima humwita Baba Husnah, akasimama uani mbele ya wanaume.

"Ndugu zangu, huyu mtoto yetu anaenda leo. Kama iko mtu anamdai, aseme. Mimi baba yake mdogo niko hapa, tutamaliza. Na kama unaweza kusamehe, samehe."

Kwa kawaida hapo watu hunyamaza. Anayedai humfuata mwenye msiba baadaye, wakavutana pembeni, wakanong'ona, wakamaliza. Lakini Perpétue hakuyajua hayo. Alikuwa Mkongo, tena Mkristo, msusi wa nywele mwenye kibanda karibu na steji ya boda boda alikofanyia kazi Dawudi. Yeye alisikia swali limeulizwa, akaona ni la kujibiwa. Akatoka katikati ya wanawake, akasimama mlangoni.

"Miye namudai, Papa," akasema. "Alikuwa na sarafu zangu. Za mu game."

Mtu mmoja akacheka puani, kisha akajitia anakohoa. Abubaker akakunja uso. "Za game? Binti, hapa ni msiba."

Perpétue akajua ameboronga. Uso ulimshuka, lakini hakurudi kukaa, na kwa kuwa ameshalianza ikabidi alimalize mbele ya watu wote.

Dawudi na wenzake wa steji walikuwa na mchezo wao wa simu, ule wa kujenga mji: unaanza na kiwanja kitupu, unalima, unajenga nyumba, unachimba visima, na kila unachotaka kukipata upesi unakilipia sarafu. Sarafu hizo hununuliwa kwa pesa ya kweli. Vijana wengi hununua kifuko kidogo leo, kingine kesho, na hao ndio wanaoliwa, kwa sababu sarafu moja ya kifuko kidogo ina bei karibu mara mbili ya ile ya kifuko kikubwa. Dawudi aliliona hilo mapema. Akawaambia wenzake wachange, yeye anunue kifuko kikubwa kuliko vyote, tena siku ile ambayo mchezo unatoa nyongeza, kisha amgawie kila mtu fungu lake kama zawadi. Walimpa, Perpétue naye akiwemo, kwa sababu hakuwahi kupunguza fungu la mtu. Alhamisi jioni alinunua, akasema atagawa asubuhi, na asubuhi hiyo hakuiona.

Vijana wa steji waliposikia hivyo wakaanza kupaza sauti kutoka uani. "Tumesamehe, Baba Husnah! Hiyo kitu ni ya kucheza tu, mwacheni mwenzetu aende!"

"Miye siwezi kusamehe," Perpétue akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Yaya yangu Bisimwa, kaka yangu mukubwa, iko kule kwetu na batoto. Vita iliingia, banki zikafungwa, makuta, hii pesa, haipite na njia yoyote. Sarafu ndiyo inapita. Nikimutumia, anauzisha kwa bavijana ba kule, banamupa makuta mu mukono, analisha batoto."

Hapo hakuna aliyecheka tena. Abubaker akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akauliza ni kiasi gani, alipe mambo yaishe. Perpétue akamtazama kwa huzuni.

"Papa, sasa hiyo nitaituma na njia gani? Na nyongeza ya sarafu ilikuwa ya jana tu, leo hiyo makuta hainunue hata nusu."

Habibah akanyanyuka mkekani. Tuseme ukweli, alikuwa ameuchukia mchezo ule. Mwanamume mwenye ndevu, kila jioni amejiinamia anajenga vijumba vya kwenye kioo! Alimsema sana Dawudi, akamwita mvivu, na siku moja alimwambia kuwa simu ile ndiyo mke wake. Hakuwahi kumuuliza hata mara moja anafanya nini humo. Sasa alisimama akiwa na simu hiyohiyo mkononi, nzima, ina chaji, na sarafu za watu zimo ndani. Namba yake ya siri hakuna aliyeijua. Dawudi aliifungua kwa kidole.

Akaingia sebuleni. Mzee Ramathan, aliyeongoza kuosha maiti, alikuwa bado amekaa karibu na jeneza.

"Mzee, nifungulie mkono wa kulia."

Mzee Ramathan alielewa, akasita, akatazama mlangoni kama kuna mtu wa kumsaidia kukataa. Hakuwepo. Akalegeza sanda upande mmoja, taratibu, akageuza uso wake ukutani. Habibah akashika mkono wa mwanawe. Ulikuwa baridi na ngozi ya vidole imejikunja kwa maji ya kuoshea. Akakifuta kidole cha shahada kwa ncha ya shuka yake, akakiweka mahali pake. Simu ikatetemeka kidogo, ikaandika kwamba haikitambui. Akajaribu tena. Akakipumulia ili kipate joto, kama alivyokuwa akivipumulia vidole vyake utotoni wakati wa mvua, akajaribu tena. Simu ilikataa, ikadai namba, na haikutaka tena habari za kidole.

"Inatosha, Mama Dawudi," Mzee Ramathan akasema huku bado ameelekea ukutani. "Mfunike mtoto."

Akamfunika. Akatoka mpaka kizingitini, mahali ambapo wanaume wote wangemsikia, akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo siku hiyo: "Hiyo deni ya Perpétue iko juu yangu mimi, Habibah. Mwenyezi Mungu shahidi, na nyinyi wote mashahidi. Mtoeni mwanangu."

Abubaker aliinamisha kichwa, akaridhia. Jeneza likatoka.

Kuchukua deni ni maneno tu. Kulilipa ndiko kulikomtoa Habibah jasho. Siku iliyofuata alimwita Perpétue, akampa simu yake mwenyewe, akamwambia amwekee mchezo ule humo na amfundishe. Perpétue alifikiri mama wa watu amechanganyikiwa. Alipoona hatanii, akakaa naye mkekani.

"Mama, mutu mupya hawezi kutuma zawadi," akamweleza. "Mpaka mji wake ukue na soko."

"Basi tutajenga soko."

Hela ilikuwepo, lakini ilikuwa ile aliyoitenga kwa ajili ya dua, kulisha watu pilau na nyama. Ilitosha kununua nusu tu ya sarafu zinazodaiwa. Perpétue akasema kuna njia, na njia hiyo ni ya Dawudi mwenyewe. Mgeni anaponunua kwa mara ya kwanza, mchezo humwongezea sarafu nyingine sawa na alizonunua, mara moja tu, haitokei tena. Wengi huipoteza bahati hiyo kwenye kifuko kidogo cha kujaribia. Dawudi alikuwa akiwakataza: ingia na kila ulichonacho, mara moja, kisha funga mkono.

Habibah hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Miaka yote amesuka vifuniko vya rangi vya kufunikia chakula na kwenda soko la Nakawa kununua ukili, na hajawahi kununua fungu mojamoja wakati bunda zima linauzwa. Kwa mara ya kwanza alimsikia mwanawe akisema maneno ambayo yeye mwenyewe angeyasema. Ilimchoma moyo kwamba ameyasikia kwa mdomo wa mtu mwingine.

Abubaker alikuja juu. "Hela ya dua unanunulia game? Watu watakula nini?"

"Chai na mandazi, Baba Husnah. Mwenye kutaka nyama amfuate muuza nyama."

Akanunua. Sarafu zikaingia, zikaongezeka, zikawa sawasawa na deni, bila hata moja ya ziada. Kilichobaki kilikuwa soko, na hapo ndipo mchezo ulipoanza kumtongoza. Kila alipoweka msingi, kidirisha kilifunguka kumwambia kwamba ujenzi utachukua muda mrefu, lakini kwa sarafu chache tu unakwisha sasa hivi. Alilima mahindi, kidirisha kikaja. Alichoma matofali, kikaja.

"Hapo ndipo bananyonya batu," Perpétue akasema. "Dawudi alisema hawa hawauzi nyumba, banauza haraka. Usinunue haraka, Mama."

Ni rahisi kusema. Kwa Habibah kila saa ilikuwa saa ambayo mwanawe ananing'inia. Kila usiku alijiambia angetoa sarafu chache tu, soko liishe, mtoto apumzike. Kisha akawaza ni mtoto yupi wa Bisimwa atakayepunguziwa sahani kwa sarafu hizo chache, na kidole akakirudisha. Aliamua wote wangoje: yeye angoje, na Dawudi, popote alipo, angoje pia.

Kwa hiyo wakamwona, wote waliokuja kutoa rambirambi. Wakamwona mama wa marehemu ameinamia simu, anavuna, anapanda, anauza mayai ya kuku ambao hawapo. Nyimbo ndogo za furaha zilikuwa zikitoka kwenye simu katikati ya kisomo mpaka akajifunza kuzizima. Jirani yake Jalia, ambaye hana jambo la kubaki moyoni, alivumilia wee, akashindwa.

"Banange, Mama Dawudi! Udongo ya mtoto haijakauka, wewe unacheza game?"

"Sichezi, Jalia. Nafanya kazi."

Jalia akaenda kutangaza uani kwamba mwenzao akili imeruka, na tangu hapo wakawa wanamwongelesha polepole kama mgonjwa. Habibah hakujali. Asubuhi alikuwa na sababu ya kuamka: mahindi yasioze. Jioni alikuwa na sababu ya kutolala mapema: tanuri limalize matofali. Alikosea hapa na pale, akaona makosa hayohayo lazima Dawudi aliyafanya alipoanza, akamwuliza kimoyomoyo afanyeje. Wakati mwingine alikuwa karibu kucheka. Hakuwa amelia bado.

Soko likaisha alasiri moja ya mvua. Perpétue alikuja kutoka kibandani, mikono bado ina mafuta ya nywele. Wakakaa mkekani bega kwa bega. Habibah akatafuta jina la Bisimwa, akalipata. Akachagua sarafu zote. Kikabaki kitufe kimoja cha kijani, na kidole chake juu yake.

Hakubonyeza.

"Mama, iko shida?"

"Hakuna."

Lakini ilikuwepo, na ilimtia aibu. Siku zote hizo alikuwa na kazi ya mwanawe mkononi. Alikuwa bado anamfanyia kitu, kama zamani alipomfulia na kumpikia na kumgombeza. Kidole kikishuka, kazi imekwisha, na Dawudi hatamhitaji tena kwa lolote duniani wala ahera. Yeye aliyehesabu kila saa ya kumwachilia alitamani sasa deni likae hata mpaka kesho. Alitamani hivyo kwa moyo wote, huku akijua kuna sufuria tupu upande wa pili wa mpaka.

"Batoto banangojea," Perpétue akasema kwa upole sana.

Habibah akabonyeza.

Ilichukua muda, mtandao wa kule haukuwa wa kutegemea. Kisha simu ya Perpétue ikalia, akasikiliza ujumbe wa sauti wa kaka yake, akaurudia ili mama naye ausikie: zimefika, zote, na ameshampata mnunuzi. Perpétue akaibusu mikono ya Habibah, akatoka nje kwenye baraza kuzungumza na ndugu yake zaidi.

Habibah akaweka simu chini.

"Nenda sasa, baba," akasema. "Huna deni."

Ndipo kilio kikamtoka, kikubwa, cha kutoka tumboni, kikasikika mpaka njiani. Jalia akaja mbio kutoka upande wa pili wa ua, amelowa, hana hata viatu, akamkuta amejikunja mkekani.

"Mama Dawudi! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Dawudi," Habibah akasema. "Dawudi amekufa."