Kifungo cha Juu

...na kalamu imeganda palepale, mbele ya neno mashati, kukunja mashati, basi, mwaka mzima na miezi minne ya binti huyu imeishia katika maneno mawili, na mistari iliyobaki mitupu inamkodolea macho, andika kazi zako zote tangu asubuhi hadi jioni, ndivyo fomu inavyosema, wala msimamizi hakueleza zaidi, alisema tu kwamba wakubwa wapya wanaunganisha kitengo cha kukagua na cha kukunja, kila meza atabaki mtu mmoja, kisha akaanza kuzikusanya kutoka kule mlangoni, sasa yuko meza ya nne, viatu vyake vinalia kwi, kwi, na hii ni meza ya tisa... "Eti Moshi, wewe umeandika nini?" shangazi wa binti, mkaguzi wa meza hii hii, anamuuliza fundi pasi, na Moshi anajibu bila kuinua kichwa, "Napiga pasi, naungua vidole, namvumilia mama mmoja wa meza ya tisa," na shangazi anacheka, anachekaje huyu, na fomu yake mwenyewe iko hapa, bado tupu, alimsukumia asubuhi, niandikie na mimi, mwanangu, mwandiko wako mzuri, maana mwenyewe hawezi tena, macho yamemwacha tangu mwaka jana, chai anaimimina kando ya kikombe halafu anasema kikombe kimehama, na siri hiyo ni ya watu wawili tu, mkaguzi asiyeona ni mkaguzi wa nini, ndiyo maana binti huangalia kila shati kwanza, doa la mafuta, mshono uliokatika, na lile lenye kasoro huliacha kifungo cha juu wazi, shangazi akipitisha vidole kwenye kola anakuta pako wazi, anafunga, analitupa kwenye kapu la kurudishwa, upesi hata wenye macho hawamfikii... sasa hilo aliandike au asiliandike, akiliandika, shangazi hana kazi, asipoliandika, yeye ni mkunja mashati tu, kitu ambacho hata mashine inaweza, arudi akae nyumbani kama alivyokaa alipotolewa shule, baba hajatimiza hata mwezi kaburini, mwalimu mkuu kasimama na karatasi ya wasiolipa ada, ukisikia jina lako kusanya daftari zako, naye alikuwa katikati ya hesabu, mpaka leo hajui jibu lake, na ni shangazi aliyekuja kumchukua, akampa upande wa ukutani wa kitanda chake, akamshika mkono hadi langoni hapa, huyu ni mtoto wangu, ana macho makali, mchukueni... kwi, kwi, meza ya sita. "Umemaliza, mwanangu? Nisomee basi nisikie," shangazi anasema, na hapo ndipo linapomjia, hakuliita, limekuja lenyewe, kwamba anaweza kuandika hivi na kusoma vile, aandike shangazi haoni, asome mkaguzi hodari, na shangazi angesema ahsante, mwanangu, asijue kamwe... si viatu tena vinavyomtisha, ni mkono huu, wake mwenyewe, ulioshika kalamu... "Mbona kimya? Una homa?" na vidole vya shangazi vinamfikia begani, shingoni, kwenye kola ya blauzi yake, vinatulia. "Ee! Na hili nani kaliacha wazi?" ni joto, alikifungua kifungo cha juu kwa sababu ya joto tu, "Lina kasoro gani hili?" shangazi ananong'ona, nusu anacheka, vidole vinapapasa ukingo wa kola polepole, kama vinavyopapasa yale mashati ambayo binti huyapitisha yamefungwa vizuri kabisa, na shangazi humrudishia, mshono umelegea hapa, mwanangu, huu hauonekani, huu unaguswa... ndiyo, humrudishia, matatu, manne kila siku, amelisahauje hilo, matatu, manne ambayo macho makali yameyapita... kifungo kinafungwa, taratibu, kapuni hatupwi mtu, "Soma," na viatu viko meza ya saba, kalamu iko palepale, karatasi bado ina maneno mawili, naye anaanza kusoma kwa sauti ndogo, yale ambayo hayajaandikwa, mimi huangalia, shangazi hugusa, mimi peke yangu hupitwa na matatu, manne, yeye peke yake hupitwa na mengi, tukiwa wawili halipiti hata moja... na shangazi hacheki tena, vidole vyake vinaacha kifungo, vinashuka hadi kwenye mkono wenye kalamu, vinausogeza kwenye mstari mtupu.